Kabla Hujapokea Mnyama wa Kwanza: Hotuba kwa Wanaokusudia Kuomba Leseni ya Kutunza Wanyamapori Majeruhi

Ndugu Mwenyekiti, madaktari wa wanyama mliojitolea kuwa nasi, walimu wetu, na ninyi ndugu mnaokusudia kuomba leseni,

Nimeombwa nieleze namna mtu anavyopata leseni ya kutunza wanyamapori majeruhi na yatima hapa Marekani. Nitaeleza, ila naomba mapema mnifahamu msimamo wangu, kwa kuwa yote nitakayosema yanatokana nao: leseni hii imewekwa ili kumlinda mnyama, na miongoni mwa mambo anayohitaji kulindwa nayo ni mapenzi yetu wenyewe. Kila mmoja wenu ameletwa hapa na huruma, nami siibezi hata kidogo, maana bila huruma hakuna ambaye angeamka alfajiri kulisha makinda yasiyo yake. Hata hivyo, wengi wa wanyama tunaowapokea wakiwa mahututi walikuwa na nafuu kubwa siku mbili kabla, kisha mtu mwenye nia njema akawapa maziwa ya ng'ombe, akawadondoshea maji kinywani, au akawapakata kutwa nzima akidhani anawaliwaza.

Fani hii yenyewe ilikua kwa msiba. Mnamo Januari 1971 meli mbili za mafuta ziligongana karibu na daraja la Golden Gate, San Francisco, na mafuta yakatapakaa ghubani. Wananchi walijitokeza kwa wingi, wakaokota ndege waliolowa mafuta, wakawaosha kwa chochote walichokuwa nacho. Walikosa maarifa tu. Hawakujua kwamba ndege aliyepoteza joto na maji mwilini hufa akioshwa kabla ya kupata nguvu, wala kwamba sabuni isiyosuuzwa hadi ikaisha humwacha na manyoya yasiyozuia maji. Maelfu ya ndege walikusanywa, na walioachiwa huru walikuwa takriban 300. Shirika la International Bird Rescue lilianzishwa mwaka huohuo kutokana na tukio lile. Mwaka 1972 likafuata baraza la kimataifa la watunza wanyamapori majeruhi, linalojulikana leo kwa kifupi cha IWRC, na mwaka 1982 chama cha kitaifa cha watunzaji hao, NWRA. Hawa wawili wa mwisho ndio walioandika kwa pamoja viwango vya vizimba, usafi na matibabu ambavyo serikali huvitumia kupima makazi mtakayowajengea wanyama. Ninapowaambia kwamba kizimba cha mazoezi ya tai hupimwa kwa makumi ya mita, msidhani ni urasimu wa mtu aliyekaa ofisini. Ni masomo yaliyolipiwa kwa vifo.

Sasa nije kwenye sheria. Anayetaka kutunza ndege karibu wote wa mwituni hukutana na Sheria ya Mkataba wa Ndege Wahamao ya mwaka 1918, ambayo inalinda zaidi ya spishi 1,000, wakiwemo wengi mnaowaona kila siku bustanini. Walio nje yake ni wachache, kama vile shomoro wa nyumbani, kwezi wa Ulaya na njiwa wa mjini, ambao waliletwa na binadamu. Kibali cha serikali ya shirikisho hutolewa na Shirika la Samaki na Wanyamapori, nalo linamtaka mwombaji awe na umri usiopungua miaka 18, awe amefanya kazi ya mikono kwa saa 100 katika kipindi kisichopungua mwaka mmoja, na awe na mahali panapofaa kuwatunzia ndege anaowaomba. Katika saa hizo 100, zisizozidi 20 zinaweza kutokana na semina na kozi. Nyingine zote ni za kushika, kulisha, kupima na kusafisha.

Wanyama wanaonyonyesha na wanaotambaa kwa kawaida wako chini ya sheria za majimbo, na hapo hakuna mfano mmoja wa kuwapa. Jimbo moja litakupa mtihani wa maandishi. Jingine litamtuma ofisa aje akague vizimba. Jingine litakutaka uwe mwanagenzi chini ya mwenye leseni kabla hujaruhusiwa kusimama peke yako. Majimbo mengi yanadai barua ya daktari wa wanyama aliyekubali kushirikiana nawe. Baadhi yanakataza au yanabana sana utunzaji wa kulungu, kwa sababu ya ugonjwa unaowakondesha hadi kufa, ambao ulitambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na ambao hauna tiba wala chanjo. Kwa hiyo mtu anayehama jimbo huanza kujifunza sheria upya, na anayetunza ndege huhitaji kibali cha shirikisho pamoja na cha jimbo lake pale jimbo linapodai. Nje ya nchi hii mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa. Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Wanyamapori na Mashambani ya mwaka 1981 inamruhusu mtu yeyote kumtunza ndege aliyeumia kwa lengo la kumwachia akipona, bila leseni ya jumla kama hii yetu. Mimi binafsi napendelea utaratibu wetu wa hapa, pamoja na uzito wake wote, na natumaini sababu zangu zitaonekana katika nitakayoyasema.

Raia wa kawaida naye hajasahauliwa. Kanuni za shirikisho zinamruhusu mtu asiye na kibali kumwokota ndege mgonjwa, majeruhi au yatima ili ampeleke mara moja kwa mwenye kibali. Neno linalobeba ruhusa hiyo yote ni «mara moja», na mtakapoanza kupokea simu mtaona ni wangapi hulifasiri kuwa wiki nzima.

Naomba nikae kidogo kwenye zile saa 100, maana huko ndiko mtu anakotengenezwa. Waombaji wengi hunung'unika kwamba muda wao mwingi unakwenda kwenye kuosha vyombo, kubadilisha magazeti ya sakafuni na kukatakata chakula. Nawasihi msiione kazi hiyo kuwa adhabu ya wageni. Anayesafisha kizimba ndiye wa kwanza kuona kinyesi kimebadilika rangi, chakula hakijaguswa, au unyoya umevunjika kwa sababu waya wa kizimba unaukwaruza. Ndege huficha ugonjwa hadi nguvu ziishe, kwa kuwa mwituni anayeonekana dhaifu huliwa. Basi dalili zake hamtazisoma usoni pake, mtazisoma sakafuni na kwenye mizani.

Chukueni mfano wa mwewe aliyeokotwa kando ya barabara kuu. Amewekwa ndani ya boksi lenye matundu, na aliyemleta anatamani mlifungue mbele yake amwone. Hamlifungui. Boksi linakwenda kwenye chumba chenye giza na kimya, ninyi mnabaki na mletaji mkimwuliza alimkuta mahali gani hasa, saa ngapi, na kama amempa chochote. Mahali hapo panaandikwa kwa makini, kwa sababu ndiko atakakorudishwa akipona. Kisha mnamtazama bila kumgusa: anasimama au amelala, anapumua kwa mdomo wazi au umefungwa, mabawa yamekaa sawasawa au moja limelegea. Baada ya hapo ndipo mnamshika, mkitangulia kuidhibiti miguu, kwa kuwa kucha za mwewe ndizo silaha yake, na mnamfunika kichwa kwa kitambaa ili asione. Kidole kinapita kwenye kidari, na kama mfupa umechongoka kama makali ya kisu mnajua kwamba huyu alikuwa na njaa siku nyingi kabla ya kugongwa, na pengine njaa ndiyo iliyomshusha barabarani. Mnamulika kila jicho, maana mgongano huweza kumwaga damu nyuma ya jicho bila kuacha alama yoyote kwa nje. Mnampima uzito, mnamrudisha gizani. Yote hayo yanapaswa kuchukua dakika chache, bila mazungumzo.

Halafu linakuja lile ambalo huwatesa sana wanafunzi: mwewe huyu aliyekonda hapewi nyama usiku huo. Mwili ulioshinda na njaa muda mrefu ukipokea chakula kizito ghafla, chumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Anaanziwa na joto, kisha maji yenye chumvi zilizopimwa, kisha chakula laini kwa kiasi kidogo, na nyama yenye mifupa na manyoya huja mwishoni. Utaratibu huohuo, kupasha joto, kurudisha maji, kisha kulisha, mtauona kwa kichanga wa kindi. Akilishwa akiwa wa baridi, utumbo haufanyi kazi na maziwa huchacha tumboni. Maziwa yenyewe hutengenezwa kwa ajili ya spishi yake, hutolewa kwa bomba dogo la sindano tone kwa tone, huku mnyama amekaa wima, kwa sababu tone moja likipanda puani na kuingia mapafuni linaweza kumwua siku chache baadaye. Baada ya kula anapanguswa sehemu za siri kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili akojoe, kama mama yake ambavyo angemlamba. Mwenye haraka hawezi kazi hii.

Nimetaja ukimya mara mbili, nami nataka mwelewe sababu yake. Mnyamapori aliye mikononi mwako anaamini ameshikwa na mwindaji. Kulungu, na wengine wa namna yake, huweza kuhangaika kwa hofu hadi misuli yao ikaharibika na wakafa siku kadhaa baada ya kushikwa, hata kama kidonda walicholetewa kilikuwa kidogo. Tunapompapasa mnyama kichwani, tunapomsemesha kwa sauti laini, tunapomwita jina, tunajiliwaza sisi. Kanuni za shirikisho zimelichukua jambo hili kwa uzito: zinamtaka mwenye kibali achukue kila tahadhari ili ndege asizoee binadamu wala asimfikirie kuwa mzazi wake, na zinakataza kuwaonyesha ndege walio kwenye matibabu kwa watazamaji, ila kwa kamera, kizuizi au njia nyingine inayopunguza kelele na kuonekana kwa watu hadi kiwango ambacho ndege angekikuta kwa kawaida mwituni. Ndiyo maana kinda la bundi hulishwa na mtu aliyejifunika sura au anayetumia sanamu ya bundi mkononi, na mara tu inapowezekana huwekwa karibu na bundi mzima wa spishi yake. Bundi anayekua akidhani yeye ni mtu huwakimbilia watu akitafuta chakula, baadaye akitafuta mwenzi, na hapo hafai tena kuachiwa. Mfupa uliovunjika unaweza kuunganishwa. Kosa hili la malezi halina daktari.

Sasa nazungumza lile ambalo hakuna aliyekuja kulisikia. Sehemu kubwa ya wanyama mtakaowapokea hawataishi, na baadhi yao mtawamaliza kwa mikono yenu au mikono ya daktari wenu. Kanuni zinaamuru kwamba ndege asiyeweza kujilisha, kusimama wima au kutembea bila kujiumiza zaidi, na ambaye tiba haitambadilisha, auawe kwa njia isiyo na maumivu. Zinaamuru hivyohivyo kwa ndege aliyepofuka kabisa, na kwa yule ambaye jeraha lake lingelazimu kukatwa mguu, wayo, au bawa kwenye kiwiko au juu yake, isipokuwa pale ofisi inayotoa vibali inapotoa idhini maalumu. Nimewaona watu wazima wakilia wanaposoma kifungu hicho, na wengine wakakasirika. Mimi nakiona kuwa cha haki. Mwewe wa bawa moja ndani ya kizimba humwona adui kila siku anapoletewa chakula, hawezi kupanda anapotaka kupanda, na huishi hivyo kwa miaka mingi kwa sababu tu fulani hakuwa na moyo wa kukata shauri. Wapo wanaoweza kuzoea maisha ya kufundishia shuleni na makumbushoni, na idhini ile ipo kwa ajili yao; lakini tabia ya ndege mwenyewe ndiyo iamue, tusiitumie idhini hiyo kama mlango wa kuikimbia huzuni. Kama unajua hakika kwamba hutaweza kamwe kufanya uamuzi huu, usiombe leseni. Wasaidie wenye leseni kwa kuendesha gari, kwa kufua, kwa kupokea simu, nawe utakuwa umeokoa wanyama wengi.

Kuhusu magonjwa nitakuwa mfupi lakini mkali. Popo, mbweha, na wanyama wawili wadogo wa Amerika, rakuni na skanki, ndio wabebaji wakuu wa kichaa cha mbwa katika nchi hii, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua. Majimbo mengi hayamruhusu mtu kuwagusa wanyama hao bila kuchanjwa kwanza. Kumbukeni pia upande wa mnyama: rakuni akimng'ata mtu, kipimo cha uhakika hufanywa kwenye ubongo, maana yake rakuni atauawa hata kama alikuwa mzima. Glavu uliyoiacha mezani inaweza kugharimu uhai wake. Rakuni huyohuyo hubeba mnyoo aitwaye Baylisascaris, ambaye mayai yake hayasikii dawa za kawaida za kusafishia na huuawa kwa joto kali tu. Tangu mwaka 2022 mafua ya ndege yamewalazimu wengi kuwatenga bata, tai na shakwe wapya mbali na wengine. Na ndege yeyote aliyetoka kinywani mwa paka anahitaji dawa ya viuavijasumu kutoka kwa daktari, hata kama hamwoni kidonda, kwa kuwa tundu la jino la paka ni dogo na bakteria waliomo huua haraka.

Leseni haiji na fedha. Chakula, dawa, vizimba, mafuta ya gari na umeme wa vitotoleo vitatoka mfukoni mwako au kwa wafadhili utakaowatafuta mwenyewe, na msimu wa makinda utakukuta ukilisha kila nusu saa tangu alfajiri hadi jua kutua. Zungumzeni na walio nyumbani kwenu kabla ya kujaza fomu, maana wao pia watavumilia harufu, simu za usiku na likizo zilizofutwa. Jiwekeeni kikomo cha idadi ya wanyama mnaoweza kuwahudumia vizuri, mkiandike, na mkifika hapo mseme «nimejaa» na kumwelekeza mtu kwingine. Nyumba iliyozidiwa huanza kukosea vipimo vya dawa, na wanaoumia ni wale uliokwisha kuwapokea.

Simu nayo ni kazi kamili, tena kwa maoni yangu ndiyo huokoa wengi kuliko matibabu ya mezani. Mtu anapiga akisema amekuta kiota cha sungura bila mama. Mwelezeni kwamba mama huja kwa muda mfupi, karibu na mapambazuko na machweo, na kukaa mbali ndiyo namna yake ya kuwaficha watoto. Mwingine amekuta mtoto wa kulungu amelala peke yake majanini, kimya, hana jeraha. Huyo anamngoja mama yake. Mwingine ameokota kinda lenye manyoya linaloruka-ruka chini, naye anaamini kwamba wazazi watalikataa kwa kuwa ameligusa. Hawatalikataa. Alirudishe, awafungie paka na mbwa wake ndani, atazame kwa mbali. Ukifaulu kumshawishi, mnyama mmoja amelelewa na mzazi wake, na hakuna kituo duniani kinachoweza kulea kwa ufanisi huo.

Anayepona naye hawezi kufunguliwa tu mlango. Mwewe aliyekaa wiki kadhaa bila kuruka amepoteza misuli, hivyo huhamishiwa kwenye kizimba kirefu, arushwe kila siku hadi aweze kupanda na kugeuka bila kuhema, na bundi huthibitishwa kwanza kwamba anaweza kukamata windo gizani. Kanuni zinatoa siku 180 za kumtunza ndege, na anayehitaji zaidi ya hapo huombewa idhini. Anaachiwa pale alipookotwa ikiwa pana usalama, katika hali ya hewa nzuri, na kama ni wa kuhama basi kabla wenzake hawajaondoka au baada ya kurudi. Yote huandikwa: aliyeingia, alivyotibiwa, alivyotoka, na taarifa hupelekwa serikalini kila mwaka. Tai akifa, mwili na manyoya yake hupelekwa kwenye Hazina ya Taifa ya Tai huko Colorado, ambako hugawiwa wenyeji asilia wa Marekani kwa ajili ya ibada zao. Hata unyoya mmoja hauruhusiwi kubaki kabatini kwako.

Basi mwenye nia aanze hivi. Atafute mwenye leseni aliye karibu naye na kumwomba zamu ya usafi, si zamu ya kulisha. Aandike saa zake tangu siku ya kwanza, nazo zitiwe saini. Aulize manispaa na mwenye nyumba kama vizimba vinaruhusiwa pale anapoishi. Amtafute daktari wa wanyama aliye tayari, kwa kuwa si kila daktari amewahi kushika mwewe, na amweleze waziwazi kwamba malipo yatakuwa madogo. Ajenge kizimba cha spishi anazoomba, na aombe chache: ni heri kuwajua vizuri sungura na kindi kuliko kuandika orodha ndefu. Na atafute watu wawili walio tayari kutajwa kwenye kibali chake kama wasaidizi, ili siku akiugua, wanyama walio ndani wawe na mtu anayeruhusiwa kisheria kuwagusa.

Nakala za fomu ya shirikisho na za jimbo ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango, pamoja na orodha ya vituo vinavyopokea wanagenzi msimu huu. Nitabaki hapa kujibu maswali hadi la mwisho. Nawashukuru kwa kunisikiliza.